Sauti Mbili Nyuma ya Lori

3 Februari

Mdogo wangu Breki,

Salamu kwanza, maana wewe ukikuta barua haina salamu utasema nimekasirika, na bado sijakasirika. Baba hajambo. Goti la kushoto linamsumbua, lakini ukimuuliza anakwambia goti ni lake, wewe linakuhusu nini. Mimi ni mgongo tu, kwa kuinamia vitanda vya madereva. Fundi tairi anakusalimu, anasema ukirudi uje na spana yake. Paka amezaa tena, kwenye chumba cha mwisho, juu ya shuka ambalo nilikuwa ndiyo kwanza nimelitandika.

Sasa niambie jambo moja. Madereva wanaleta maneno huku. Wanasema huko chini, upande wa bondeni, mlima unatobolewa, na magari yatapita ndani kwa ndani mpaka yatokee upande wa pili bila kupanda hata kidogo. Hata Kipara kasema hivyo, na Kipara si mtu wa maneno, amepanda mwinuko huu tangu ana nywele. Baba alicheka mpaka akakohoa. Anasema mlima si papai, hauchokolewi kwa kijiko.

Yeye acheke. Mimi usingizi umeniruka, Breki, kwa sababu nimejiuliza hapa petu pana nini. Udongo hakuna, ni mwamba mtupu. Hata kaburi hatuwezi kuchimba, wafu wetu tunawapandisha juu kwenye udongo laini, na Mama tulimpandisha kwa lori. Mahindi hayaoti. Maji ni ile chemchemi moja. Babu alijenga hapa kwa sababu moja tu, kwamba lori likifika hapa linachemka, na hapa ndipo penye kipande cha tambarare cha kusimama lipoe. Dereva akishasimama anataka maji ya rejeta, anataka chakula, anataka kitanda. Kwa hiyo kuna mimi, kuna fundi, kuna maduka yote yale yaliyokodolea barabara macho na kuligeuzia jabali mgongo. Mlima ungekuwa mpole kidogo tu, tusingekuwepo.

Baba bado anatoka na kabari yake kuzuia gurudumu la nyuma kila lori likisimama. Upande wako wa kulia sasa anasimama fundi tairi, na Baba hamtaki, anasema ana sauti ya mgonjwa. Juzi Baba kaita kushoto, "Imekaa," fundi naye kaita kulia kama anayeomba maji, na dereva hakusikia. Unajua tena, dereva wa mwinuko huu haachii breki mpaka asikie sauti mbili. Alikaa na mguu juu ya breki mpaka ukafa ganzi, kisha akashuka kututolea maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Wewe uko huko huko bondeni. Kuna tundu au hakuna? Barua hii anakuja nayo Kipara.

Dada yako,
Mama Vyumba

22 Machi

Dada,

Shikamoo. Baba naye mfikishie shikamoo yake. Mimi sijambo, nina kikohozi kidogo cha vumbi. Barua yako ilikaa sana kwa Kipara kwa sababu nimehama. Sasa naishi na wenzangu wawili kwenye chumba cha mabati karibu na kazi. Spana ya fundi ninayo, mwambie haijapotea.

Huku ardhi ni bapa kama meza. Mitaa imenyooka, watu wamejenga wanapotaka, hakuna anayejali barabara ipo upande gani. Wanaongea polepole. Siku za kwanza waliniuliza kwa nini nawafokea, nami nilikuwa nawaomba chumvi. Niliwaeleza kwamba kwetu mtu hukua akishindana na injini. Halafu jana niliegesha toroli, nikatafuta jiwe nikalitia nyuma ya gurudumu. Msimamizi alikuja akalitazama jiwe, akanitazama mimi, akaniuliza toroli litakwenda wapi. Nilicheka pamoja nao, lakini jiwe sikulitoa.

Kazi yangu ni ya mawe. Ni kampuni kubwa. Asubuhi tunaingia, jioni tunatoka.

Hayo mengine watu wanasema mengi, na madereva unawajua kwa kutia chumvi. Nimefikiri, Baba angekuja akae na mimi. Goti lile halitaki mwinuko tena. Naweza kutafuta chumba cha peke yetu. Hata wewe ukichoka na vitanda, njoo. Usiogope, ni wazo tu.

Mdogo wako,
Breki

11 Aprili

Breki,

Baba hajambo, mimi sijambo, watoto wa paka wamefumbua macho. Hizo ndizo salamu zako leo, sina nyingine.

Nilikuuliza swali moja ukanijibu kwa toroli. Wazo tu, unasema. Kipara alikuona. Nilimuuliza ulikuwa wapi, akaanza kutazama tairi zake, nikajua. Nikambana mpaka akasema. Alikuona unatoka kwenye tundu umevaa kofia ya chuma, mweupe kwa vumbi kama mtu aliyeangukia unga. Mlikuwa wengi, anasema, lakini wewe alikutambua kwa mwendo, maana wewe tu ndiye uliyekuwa unatembea kwenye tambarare kama unapanda mlima.

Kweli, mdogo wangu? Mikono ile ile iliyoshika kabari na Baba tangu hujaota ndevu? Nilikaa kwenye kitanda cha chumba cha tatu, nikalia kwa hasira. Si kwamba umepata kazi, kazi ni kazi. Ni kwamba mimi na Baba tulikuwa tunalala tukisema angalau mmoja wetu katoka kwenye mwamba huu.

Baba sijamwambia. Aliponiuliza mawe gani unachimba, nilisema unachimba msingi wa shule. Sasa kila dereva akisimama anasimuliwa kwamba Breki anajenga shule bondeni, shule ya ghorofa. Juzi kaongeza maktaba.

Na habari ya yeye kuja kwako, nimemgusia. Alisema, "Nikienda huko nitafanya nini? Nitakaa kitako?" Kisha akachukua kabari yake akatoka, na hapakuwa na lori lolote linalosikika.

Dada

30 Juni

Dada,

Shikamoo. Najua umeniandikia mara mbili baada ya ile, nami nikanyamaza. Kila nikishika kalamu nilikuwa naona kitanda cha chumba cha tatu.

Ndiyo, niko tunduni. Ningekataa mimi wangemchukua mwingine, na mlima ungetobolewa vilevile. Nimejiambia hivyo kila asubuhi na bado haijanisaidia. Kitu kimoja nikuambie, Dada, mwamba wa ndani ni ule ule wa kwetu, mweusi wenye mistari. Siku tulipofika katikati msimamizi alituonyesha kwenye ramani, akasema juu ya vichwa vyetu kuna kijiji kidogo cha madereva. Mimi nikatazama juu kama mjinga, kana kwamba ningeona uvungu wa vitanda vyako.

Tundu linafunguliwa mwezi ujao. Njooni kabla. Tafadhali usimwache Baba aone barabara ikinyamaza. Hilo ndilo ninaloogopa, kuliko hata yeye kujua kazi yangu. Atakufa kwa kukosa kazi, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Breki

17 Agosti

Mdogo wangu,

Hatujambo. Naandika hivyo kwa mazoea.

Limefunguliwa, hilo huhitaji nikueleze. Siku ya kwanza tulidhani kuna ajali huko chini imeziba njia. Siku ya pili fundi tairi alisema labda ni sikukuu. Baada ya hapo tuliacha kukisia. Nilitandika vitanda vyote kama kawaida, nikavitandua, nikavitandika tena. Wenye maduka wameondoka mmoja mmoja, wamefunga milango kwa waya. Fundi tairi anaondoka leo, amefunga mashine yake ya upepo juu ya mkokoteni, na barua hii ni yeye anakuja nayo. Spana mpe mkononi. Tumebaki mimi na Baba na paka.

Baba anajua kuhusu kazi yako. Fundi lilimponyoka mdomoni juzi alipokuja kuaga. Nilikaza roho nikingoja atapike maneno. Akauliza, "Shule je?" Nikasema hakuna shule, Baba. Akasema, "Basi mwambie avae kofia." Hajakutaja tangu hapo, wala mimi sikumlazimisha.

Kila asubuhi anakwenda kwenye kona, pale chini kidogo ya tambarare ambapo jabali limesimama wima kama ukuta wa nyumba. Anakwenda na kabari zote mbili, yake na yako. Nilimwambia, Baba, mtu mmoja hawezi kuweka kabari mbili, itabidi upite nyuma ya lori, na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba hakuna anayepita nyuma ya lori. Akasema, "Lori liko wapi?"

Na kuna kitu kipya, Breki, kitu ambacho sisi tuliozaliwa hapa hatukuwahi kukijua. Mlima una sauti. Nilipiga sufuria chini, nikasikia mwingine kapiga sufuria kule konani. Nilimwita Baba aje ale, na mlima ukamwita Baba aje ale, kwa sauti yangu, wazi kabisa, kama kuna dada mwingine amesimama pale. Miaka yote hii injini zilikuwa zinaumeza mwangwi. Baba alifurahi siku ile, mara moja tu. Alisimama akaita "Imekaa," akajibiwa, akaniambia huyo ana sauti nzuri kuliko fundi.

Nilicheka naye. Kisha niliingia ndani nikafunga mlango, maana sikutaka anione. Mimi nimekata tamaa, mdogo wangu. Nilikuwa nakusuta, sasa nakuomba. Tafuta njia ya kutushusha. Kwa miguu hawezi, goti limekwisha. Yeye atakataa lakini mimi nitambeba kwa nguvu kama ni lazima.

Dada yako

14 Septemba

Dada,

Shikamoo. Fundi tairi alinifikia, spana kaipata, barua nimeisoma mara nyingi.

Nimepata lori. Kampuni inapandisha matofali makubwa ya zege kwenda kufunga barabara ya zamani huko juu, watu wasipite tena. Nimeona aibu kuandika hivyo, lakini ndilo lori pekee linalokuja huko. Nilimwomba msimamizi dereva awe Kipara, akakubali. Atashusha matofali juu, na akirudi atawachukueni na vitu vyenu, hata vitanda kama mnataka. Anakuja peke yake, utingo kampuni imemnyima. Chumba nimeshapata, kina dirisha. Nimepiga msumari wa Baba kutundikia kabari yake.

Barua hii Kipara atakupa mlangoni akisimama tambarare kupoza injini. Sasa sikiliza neno moja. Mwambie Baba akae ndani. Asitoke na kabari. Lori lina breki mpya, halihitaji mtu nyuma. Mshike mkono kama mtoto kama hataki. Nitampigia magoti nikimwona, lakini kwanza afike.

Breki

19 Septemba

Breki,

Baba amefariki. Sijui kuliandika kwa namna nyingine.

Barua yako niliisoma baadaye, Kipara aliitoa mfuko wa shati tukiwa tumeshamfunika Baba. Alitaka kunipa mlangoni kama ulivyomwambia. Hakufika mlangoni.

Nikueleze yote, maana utauliza, na usipouliza utajisimulia mwenyewe vibaya zaidi. Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa chemchemini. Barabara ikiwa kimya unasikia lori likiwa mbali sana huko chini, nami nilisikia, nikadhani ni masikio yangu. Baba alilisikia kabla yangu. Kipara anasema alipofika konani alimwona Baba amesimama na kabari zote mbili mabegani, amejinyoosha, hana goti wala nini. Alimpungia mkono. Matofali yalikuwa mazito, injini imechemka, gia ikakataa kuingia. Akakanyaga breki, na injini ikazima.

Baba aliweka kabari ya kushoto. Akaita, "Imekaa." Akaanza kupita nyuma ya lori kwenda kuweka ya kulia.

Na mlima ukajibu, "Imekaa."

Kipara alisikia sauti mbili, Breki. Anaapa alisikia sauti mbili, kushoto na kulia, kama siku zote. Alidhani fundi tairi bado yupo. Hakujua habari ya mwangwi, maana yeye ndiye aliyekuwa anapita na injini siku zote, angeujulia wapi. Dereva mgeni angeshuka akatazame kwanza. Huyu ni wetu, akaamini, akaachia breki atafute gia. Lori likakaa juu ya kabari moja, likapinda, likarudi nyuma mpaka likagonga ukuta wa jabali. Baba alikuwa katikati.

Nilisikia mara mbili kishindo kile. Hata hilo mlima haukuniachia kusikia mara moja.

Kipara alitaka kujitupa bondeni, nilimshika shati. Nilimwambia akifanya hivyo ataniacha na maiti na lori, afanye kazi kwanza. Tulimweka Baba juu ya matofali, nikamtandikia shuka la chumba cha mwisho. Ilibidi kumpandisha kwenye udongo laini kama Mama. Nilichukua kabari zote mbili nikatembea nyuma ya lori mimi mwenyewe, na kila aliposimama Kipara hakukubali kuachia breki kwa kusikia sauti tu. Nilikuwa naweka kushoto, nakwenda mbele mpaka dirishani namwambia, nazunguka kwa mbele naweka kulia, narudi dirishani namwambia. Hapo ndipo anaachia. Tulifika juu jua limeshageuka. Tulimzika sisi wawili, karibu na Mama. Kisha Kipara akashusha matofali yake na kufunga barabara, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyotumwa.

Mimi sishuki naye bondeni. Nimemwambia aende tu. Barua hii ndiyo anayokuletea. Usimguse. Hana kosa, na hata angekuwa nalo, limeshamla.

Dada

2 Oktoba

Dada,

Kipara alifika akanipa barua, akakaa chini nje ya mlango wangu mpaka nilipomaliza kusoma. Nilimpa maji akanywa.

Mimi ndiye niliyeomba awe Kipara. Msimamizi alitaka kumtuma kijana mmoja mgeni wa barabara ile, mimi nikakataa, nikasema Baba atamkubali Kipara. Siwezi kulitoa kichwani. Nakwambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Wamenihamisha, kuchimba kumekwisha. Nasimama mdomoni mwa tundu na kibendera, nayapitisha magari. Yanapita siku nzima, Dada, na hakuna hata moja linalosimama. Hakuna anayetaka maji wala anayeshuka kujinyoosha. Wanauingia mlima wetu na kuutoka bila kujua kwamba ni mlima.

Huwezi kubaki huko peke yako na paka. Chumba kipo, dirisha lipo. Msumari nimeung'oa. Mwishoni mwa mwezi kuna lori jingine linapanda mpaka kwenye matofali kukagua, nimeongea nao, watakuchukua wewe na vitanda. Niambie ndiyo, nami nitaandaa. Nakuomba, nimebaki na wewe tu.

Breki

20 Oktoba

Mdogo wangu,

Sijambo. Nimepata barua yako kwa mchunga mbuzi aliyepita, ndiye mtu wa kwanza kuongea naye tangu Kipara.

Vitanda sivitaki. Nimevitandika vyote, nimefunga milango kwa waya kama wenzangu. Kabari yako nimeirudisha konani, ya Baba iko kaburini kwake, nimeisimika kichwani kwa kuwa jiwe la kuandika jina hatuna. Nilipofunga mlango wa mwisho nilimwita paka, na mlima ukaita nao, kama unatuita wote wawili.

Kuhusu Kipara na yule kijana mgeni, umeshaniambia, basi. Usimwambie mtu mwingine, na usijiambie kila siku. Mimi pia nilikuwa chemchemini wakati nilipaswa kumshika mkono. Tutakaa nalo pamoja hapo kwenye hicho chumba chako chenye dirisha, tutaona litatufanya nini.

Nakuja, Breki. Nitashuka kwa miguu, hata kama ni polepole. Usinitumie lori.

Dada yako